Kuku wa Mama Neema na Banda Langu la Tofali

Jumatatu, 3 Machi

Kozi ya mwisho ya tofali za banda imekaa. Timazi imenyooka. Kesho bati. Tofali za kuchoma, madirisha mawili ya wavu, mlango wa mbao, sakafu ya saruji. Hapa Ntobeye hakuna kuku aliyewahi kulala juu ya saruji. Kuna watu hawajawahi.

Mama Neema hajui lolote. Yuko Nemba kwa binti yetu. Neema amejifungua mtoto wa kiume, na mama mzazi ndiye wa kumkanda na kumpikia uji mpaka nguvu zirudi. Mimi nimeachiwa nyumba, migomba na kuku wake watano. Siku ya kuondoka aliniaga kwa mkono. Kuku aliwaaga mmoja mmoja kwa majina.

Semeni ndiye mkubwa wao, mwekundu. Alikuja kifaranga mwaka alioolewa Neema, nyumba ilipokuwa kimya mpaka tukawa tunasikia maji yakichemka. Sasa kila asubuhi anakula kutoka kiganjani mwa mke wangu, kisha anakaa miguuni pake wakati anamenya ndizi. Wengine ni Sista, mweusi mwenye shingo nyeupe, Madoa, na Kadogo, ambaye hajaanza kutaga. Jogoo ni Diwani. Anatembea kama anakagua barabara.

Si kuku wa kula. Si wa kuuza. Nilishauliza zamani, nikajibiwa kwa jicho.

Wanalala jikoni karibu na mafiga, kama kuku wa kila mtu hapa. Kila asubuhi Mama Neema anazoa kinyesi na kulalamika. Basi akirudi atakuta jiko safi na banda la tofali. Mimi ni mume, lakini pia ni fundi.

Jumatano, 5 Machi

Majivu kwenye paji la uso asubuhi, saruji mikononi mchana. Kwaresima imeanza.

Kuku wamehamia. Semeni kagoma. Kila nikimweka bandani anatoka na kurudi jikoni, anakaa palepale kwenye majivu. Mwishowe nikambeba kwapani na kufunga jiko kwa kufuli. Kwanza jiko lenyewe silitumii. Chai nachemsha kwenye jiko la mkaa barazani, chakula nakula kwa mama lishe pale senta. Mwanamume peke yake atakoka mafiga ya nini?

Shimo nilikochimba udongo wa kujengea limejaa maji ya mvua. Liko nyuma ya banda. Nitalifukia nikipata nafasi.

Jumamosi, 8 Machi

Kutwa niko kijiji cha Keza, napiga lipu nyumba ya mwalimu. Nimerudi kwa pikipiki, mvua yote mgongoni.

Watu wanakuja kuona banda. Jirani yangu Mzee Baltazari ameupiga ukuta kofi kama anayenunua ng'ombe, akasema ni zuri kuliko nyumba yake. Nilimshukuru kwa adabu. Ni kweli lakini.

Mama Neema amepiga simu. Mtoto analia vizuri. Ameuliza kuhusu kuku kabla hajaniuliza mimi. Wanakula, nikasema.

Mbu wengi mwaka huu.

Alhamisi, 13 Machi

Semeni ana vipele kwenye kishungi. Vidogo, vyeupe-vyeupe, kimoja kimeanza kuwa cha kahawia. Bila shaka Diwani kamdonoa. Banda jipya limempa kiburi.

Nimemfunika Diwani kwa tenga na kuweka jiwe juu. Amewika humo ndani mchana kutwa akidai haki zake.

Ijumaa, 14 Machi

Vipele vimeongezeka usiku huu, na Diwani alikuwa kifungoni. Kwa hiyo si yeye. Nimemwachia. Sikumwomba radhi, na yeye amenipita bila kunitazama.

Nikafikiri. Nikajitazama mikono, ilivyopasuka. Saruji! Sakafu bado changa, imemuunguza. Mimi naijua saruji miaka yote hii, nani ataniambia? Nimetandaza majani makavu ya migomba chini kote. Kisha nikambandua Semeni vigaga kwa ukucha na kumpaka chumvi na limau, kama tunavyofanya sisi mafundi mikono ikiwaka.

Damu imetoka. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, na sikupenda alivyonitazama.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka misani, nimekuta Madoa na Kadogo nao wanavyo. Madoa kwenye kishungi, Kadogo pembeni mwa mdomo. Semeni jicho la kulia limevimba.

Saruji haimuunguzi kuku mdomo wala jicho. Kwa hiyo sijui. Nimeandika neno hilo na nimeona vibaya.

Mbaya zaidi: ile Ijumaa niliwafuta wote, mgonjwa na wazima, kwa kitambaa kimoja chenye limau. Nilidhani nawakinga.

Mzee Baltazari amekuja, amechungulia kwenye wavu. Kwake kila kuku anayeinama ana mdondo, ule ugonjwa unaomaliza banda zima.

"Chinja wote leo, Fundi. Kesho watakufa bule."

Alisema anatazama sufuria, si kuku.

Mama Neema kapiga. Wanakula? Wanakula. Si uongo, wanakula. Lakini nilikata simu haraka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia Dokta Aneti, mtaalamu wa mifugo wa kata. Amefika kwa pikipiki na buti zake za mpira, shikamoo Fundi, na moja kwa moja kwa wagonjwa. Alivaa glavu. Alimshika Semeni vizuri, akatazama kishungi, masikio, vinyama vya chini ya kidevu, miguu, akafungua mdomo na kumulika kwa tochi ya simu. Vivyo hivyo kila mmoja.

Si mdondo. Si jogoo. Si saruji. Ni ndui ya kuku.

Akanionyesha namna ya kuitambua, na ninaandika ili nisisahau. Inatoka sehemu zisizo na manyoya: kishungi, macho, mdomo. Inaanza na kipele cheupe, kinakua, kinakuwa kigaga kigumu cha kahawia. Kidonda cha kudonolewa hakiongezeki siku hadi siku. Ikibaki kwenye ngozi, kuku wengi wanapona. Ikiingia kooni, kuna utando wa njano mdomoni na kuku anahema mdomo wazi, hapo ni hatari. Ikifunga macho, kuku hafi kwa ndui, anakufa kwa njaa akiwa amesimama mbele ya chakula. Hilo la mwisho limenikaa kifuani.

Dawa ya kuua ndui yenyewe hakuna. Kazi ni kumbeba mgonjwa mpaka mwili wake ushinde.

Kubandua vigaga ni marufuku. Nilitazama pembeni. Akasema vigaga ndivyo vinavyobeba ugonjwa, na kila kidonda kilicho wazi ni mlango. Nikatazama pembeni zaidi.

Kisha akauliza mwaka huu nimebadilisha nini. Wanalala wapi? Nikamwonyesha banda, kwa fahari bado, Mungu anisamehe. Akalisifia. Akazunguka nyuma. Akachota maji ya shimo langu kwa kopo: viluwiluwi vya mbu, tele.

"Fundi, umejenga banda zuri na umechimba hoteli ya mbu nyuma yake."

Ndui inabebwa na mbu. Jikoni kulikuwa na moshi kila jioni, mbu walikuwa hawasogei. Mimi nimewatoa kuku kwenye moshi, nimewaweka kando ya maji, dirisha la wavu ambao mbu anapita akiwa amepanua mabawa. Kisha nikafunga jiko kwa kufuli.

Alicheka. Nikacheka nami, kwa kuwa ilikuwa lazima mmoja wetu aone kichekesho, na yeye alishaanza. Alipoondoka sikucheka.

Jumanne, 18 Machi

Sikwenda Keza. Nimefukia shimo. Nimepiga ardhi mpaka mikono imekufa ganzi.

Wagonjwa watatu wamerudi jikoni. Semeni hata hakungoja, alikwenda mwenyewe kwenye majivu yake. Sista na Diwani, ambao ni wazima, wamebaki bandani. Madirisha nimeyafunga kwa chandarua cha kitandani kwetu. Sasa mbu wananila mimi. Ni haki.

Na kwa kuwa jiko linahitaji moshi, nimekoka moto. Na kwa kuwa moto upo, nimepika maharage. Yameungua. Mama Neema anapikaje na kuimba kwa wakati mmoja?

Jumatano, 19 Machi

Siku ya chanjo. Dokta Aneti alisema chupa moja inatosha kuku wengi, na ikishachanganywa haikai, lazima iishe papo hapo. Basi jana nilipita nyumba hadi nyumba nikialika kuku, si watu.

Wamekuja. Kuku kwapani, kuku matengani, kuku ndani ya begi la shule kichwa nje. Shabani wa duka amekuja na wake kwenye boksi la sabuni. Babu yake alitoka pwani na mzigo wa nguo akakaa hapa, na hadi leo Shabani akipiga chafya watu husema ni mtu wa pwani. Amefunga Ramadhani, mimi nimo Kwaresima, tukakaa kivulini tunatazamana na njaa zetu tukicheka.

Dokta alichoma kwenye ngozi nyembamba ya bawa kwa sindano yenye meno mawili. Wazima tu, wagonjwa hawaguswi. Diwani alipochomwa alipiga kelele kuliko kuku majike wote. Kila mtu ameona. Heshima yake imeshuka mno kijijini.

Watu walikaa mpaka mchana wakisimulia magonjwa ya kuku zao. Nilifurahi. Kisha wakaondoka, nikarudi jikoni, na Kadogo alikuwa anahema mdomo wazi.

Ijumaa, 21 Machi

Kadogo amekufa asubuhi. Utando wa njano ulijaa kooni. Jana nilimpa maji kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, yakawa yanarudi.

Nimemzika chini sana, mbali na migomba. Dokta alisema asiliwe, asitupwe. Mzee Baltazari alisimama na kofia mkononi, na nadhani kofia haikuwa kwa ajili ya Kadogo, ilikuwa kwa ajili ya nyama. Ijumaa ya Kwaresima lakini! Nikamkumbusha. Akavaa kofia.

Nina hasira. Kuku mdogo, hakuwahi kutaga hata yai moja. Kitambaa changu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo mimi ndiye nimempigia Mama Neema. Nimesema yote. Banda, shimo, kitambaa, limau, Kadogo.

Mtoto alikuwa akilia nyuma yake.

Kisha akauliza: na Semeni? Nikamwambia jicho moja limefunga kabisa, la pili linaelekea.

Sikutegemea alichosema. Nilidhani atanigombeza, nilijiandaa kwa hilo. Alisema, "Baba Neema, mimi niko huku na siwezi kumwacha mtoto. Wewe ndiye unayemwona. Akiteseka sana, usimwache ateseke kwa ajili yangu. Amua wewe."

Bora angenigombeza.

Jumanne, 25 Machi

Macho yote mawili yamefunga. Vigaga vimekaa juu yake kama plasta niliyopiga vibaya. Semeni anasimama pembeni ya mafiga, kichwa chini, haoni bakuli lililo mbele ya mdomo wake.

Kazi yangu ni hii. Asubuhi, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa, pamba safi kwa kila jicho, pamba mpya kwa kila kuku. Kulainisha tu, si kubandua. Dawa ya macho aliyoacha Dokta. Ayodini kidogo kwenye vidonda vya kishungi, mbali na macho. Vitamini kwenye maji. Kisha chakula: uji mzito wa mahindi na unga wa dagaa, navingirisha vidonge vidogo, nafungua mdomo wake kwa kidole, naweka, nasubiri ameze. Tena. Tena.

Siku ya kwanza alinidonoa kila kidonge. Leo hakunidonoa. Sijui kama ni ukarimu au amechoka.

Madoa anaendelea vizuri, anaona, anakula mwenyewe na anaiba vidonge vya Semeni.

Fundi mwenzangu wa Keza amepiga kuuliza ninarudi lini kumaliza lipu. Nimemwambia nina mgonjwa. Akanipa pole nyingi, akauliza amelazwa wapi. Nikasema jikoni.

Jumatano, 26 Machi

Leo ametema vidonge viwili. Amekonda, mfupa wa kifua umesimama kama ukingo wa tofali. Haoni, hatembei, hapigi kelele.

Mama Neema alisema niamue. Nadhani ninachofanya ni kumchelewesha tu, kwa sababu naogopa kumwambia. Hiyo si huruma, ni woga.

Nimeamua. Kesho nitamwita Shabani. Hapa kitu kikichinjwa huitwa Mwislamu, ili asiwepo wa kukataa kula nyama. Huyu hataliwa, najua. Lakini mkono wa Shabani ni mwepesi kuliko wangu.

Alhamisi, 27 Machi

Shabani amekuja na kisu ndani ya gazeti. Kanzu nyeupe, kofia, midomo imekauka kwa saumu. Nilikuwa nimeshamtoa Semeni nje juani. Sikuwa nimelala vizuri.

Alichuchumaa. Hakufungua gazeti. Alimshika mgongoni, akapapasa kifua, kisha akashika gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Akalibonyeza taratibu kwa vidole viwili kama mtu anayepima ndizi.

"Fundi, huyu kuku kashiba."

Nikamwambia nimemlisha mwenyewe asubuhi, kidogo tu. Akasema, sawa, na kimekaa, hakikurudi. Akanishika mkono na kunifanya nipapase. Laini, limejaa, lina joto. Sikuwahi kupapasa hapo. Siku zote nilikuwa nahesabu anavyotema, si anavyomeza.

"Mimi mgonjwa anayeshiba simchinji. Labda umpe siku kadhaa, halafu ukiniita tena nitakuja." Akainuka, akakung'uta kanzu, akaenda dukani na kisu chake.

Nilikaa pale chini nimempakata kuku kama mtoto. Mzee Baltazari akapita barabarani, akatusalimu sote wawili.

Nilitokwa machozi. Andika basi, Deogratias, hakuna anayesoma.

Ijumaa, 28 Machi

Dokta Aneti amepita kukagua chanjo. Sista na Diwani wana uvimbe mdogo pale kwenye bawa, maana yake chanjo imeshika. Diwani amenyoosha shingo kama aliyepewa nishani.

Kwa Semeni alikaa muda. Akasema vigaga vimekauka vizuri, havina usaha. Nisilazimishe. Niendelee na maji ya chumvi na vidonge. Na nipapase gole kila baada ya kumlisha. Nikamwambia najua. Nilisema kwa sauti ya mtaalamu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Shabani ametuma sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa. Nimekula jikoni kwenye kigoda, Semeni kando. Kwaresima yangu itanisamehe, nilitoa nyama nikampa Mzee Baltazari, ambaye hakuuliza ni mwezi gani.

Semeni ameokota punje ya wali sakafuni. Mwenyewe! Haoni, alisikia ikianguka. Nikaangusha nyingine. Akaokota. Tumemaliza robo ya sahani hivyo, mimi naangusha, yeye anasikiliza.

Jumatano, 2 Aprili

Kigaga cha jicho la kulia kimeanguka chenyewe wakati namwosha. Kimebaki kwenye pamba. Nyuma yake jicho. Jekundu, lina machozi, lakini jicho. Lilinitazama.

Nimepiga kelele mpaka Mzee Baltazari amekuja mbio na panga akidhani ni nyoka.

Nimempigia Mama Neema. Sikuweza kusema vizuri, nilisema tu jicho, jicho. Akaelewa. Nikasikia anamwambia Neema, na Neema anacheka, na mtoto ameamka. Nemba nzima imejua.

Jumapili, 6 Aprili

La kushoto nalo limefunguka, lakini lina ukungu mweupe. Dokta alikuja, akapitisha kidole mbele yake, Semeni hakutikisa kichwa upande huo. Halitarudi. Basi. Moja linatosha kuniona nikija na bakuli.

Anatembea. Upande wa kushoto anagonga mlango. Nimetoa kizingiti.

Nimeanza kupika maharage yasiyoungua. Wali bado.

Jumatano, 9 Aprili

Mama Neema anarudi kesho. Neema ana nguvu sasa, na mama mkwe wake kahamia pale kusaidia. Nimefagia. Nimefua. Chandarua nimekirudisha kitandani, na madirisha ya banda nimeyapigia wavu wa matundu madogo, nimeununua Ngara mjini. Kuku wamerudi bandani wote wanne. Ila nimeacha mlango wa jiko wazi, maana Semeni anapita kila jioni kusalimia majivu.

Kwenye kaburi la Kadogo nimepanda ua. Ni boga, kusema kweli. Lakini linatoa ua.

Naogopa. Kuku mmoja pungufu, mwingine chongo. Naogopa atakavyomtazama.

Alhamisi, 10 Aprili

Ameshuka kwenye pikipiki na mizigo, matope mpaka magotini, amenenepa kidogo, nimependa. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja uani, akachota mahindi mkono mmoja, akachuchumaa na kuita kama anavyoita siku zote.

Diwani alikuja. Sista alikuja, Madoa alikuja.

Semeni akatoka nyuma ya jiko. Akainua kichwa, akakigeuza ili jicho zima lione. Mke wangu akanyoosha kiganja. Semeni akampita. Akampita kabisa, kwa haraka, mguu juu mguu chini, mpaka miguuni pangu, akasimama juu ya kiatu changu na kufungua mdomo.

Ndivyo nilivyomzoesha. Anangoja kidonge.

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, na vyote vilionekana.

Mama Neema alibaki amechuchumaa na mahindi yake. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa matopeni na kitenge cha safari. Alipomaliza kucheka alikuwa analia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye mahindi.

"Nimekuachia kuku wangu," akasema, "umenirudishia kuku wako."

Kisha akataka aonyeshwe kaburi la Kadogo. Tulisimama pale. Akainama, akalipalilia boga kwa vidole.

Banda amelitazama jioni. Amegonga ukuta. Amesema ni zuri. Amesema pia kwamba angeulizwa, angesema moshi unafukuza mbu, kila mtu anajua. Nimesema ndiyo.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri, sasa imepungua. Mama Neema anaimba jikoni na chakula hakiungui. Mimi nilikuwa najiandaa kwenda Keza kumaliza ile lipu.

Nimekwenda kuchukua karai langu kwenye kona ya baraza. Semeni alikuwa ndani yake, amejaa, manyoya yamefura, jicho zima limefumba nusu. Hajataga tangu augue, na leo ametafuta kiota. Nikarudi nyuma taratibu. Nikamwonyesha Mama Neema kwa ishara. Alichungulia, akaweka kidole mdomoni, akarudi jikoni kwa ncha za miguu.

Nimeazima karai kwa Mzee Baltazari. Lina tundu. Nitafanya kazi nalo hivyo hivyo.